Ramani Isiyo na Nyumba

Wewe unayesoma hapa, usijifanye mgeni. Ulipita pale juzi. Ulikuwa umekaa kwenye basi upande wa dirisha, ukayaona mabati mapya yaliyozunguka mtaa wa Kisiginoni kuanzia kona ya machinjio hadi kwenye daraja la reli, na juu ya mabati ukaona mkono wa mwanamke unapunga kitambaa. Ukageuza shingo. Ukatazama upande wa pili, ambako hakuna cha kutazama isipokuwa ukuta wa ghala la saruji, ukautazama ule ukuta kwa makini kama mtu anayesoma barua ya uchumba. Na aliyekaa karibu yako alipouliza wale walio ndani ni akina nani, ulimjibu haraka kuliko alivyouliza: "Ah, wale walishirikishwa."

Sikubishii. Walishirikishwa kweli. Nakusimulia tu walivyoshirikishwa, ili ukigeuza shingo tena ujue ni nini hasa unachokikimbia.

*

Katika Jamhuri yetu hii, ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa unaijua kuliko unavyopenda kukiri, havunjiwi mtu nyumba bila kushirikishwa. Zamani haikuwa hivyo. Sijui nyie wenzangu mnasahau kwa dawa gani. Kuna mwaka wa nguzo, Kisiginoni ikaletewa nguzo sitini za taa zisizo na taa, zikasimikwa kwa ngoma na hotuba, na mwaka uliofuata zikang'olewa kwa ngoma na hotuba. Kuna mwaka wa mifereji, ikachimbwa kutoka bondeni kwenda kilimani, ili maji nayo yajifunze kujituma. Na kuna mwaka wa Mtaa wa Mabanda Saba, tingatinga lilipokuja adhuhuri watu wakiwa wanakula, na mkuu wa mkoa wa wakati ule akasema alidhani ni mahame yasiyo na mtu. Siku ile watu walipiga kelele, wageni kutoka nje wakauliza maswali, serikali ikaona haya. Ikaapa mbele ya kamera kwamba haitarudia kosa la kuvunja bila kushirikisha. Kuvunja kwenyewe hakukutajwa kwenye kiapo.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Ufufuaji wa Mitaa, na ndani yake Kurugenzi ya Ushirikishwaji, yenye idara tatu: Idara ya Kusikiliza Kabla, Idara ya Kusikiliza Wakati, na Idara ya Kusikiliza Baada. Hii ya Baada ndiyo yenye jengo kubwa, ghorofa tisa, maana ndiyo yenye wateja. Watumishi wote huvaa beji yenye picha ya sikio. Beji ya Mkurugenzi ina masikio mawili.

Mkurugenzi mwenyewe ni Dakta Leodegari Mashauri. Nisimsingizie, ni mtu mpole. Hajawahi kumpandishia mtu sauti. Alikaa ng'ambo miezi kumi na minane akisomea namna ya kutikisa kichwa mwananchi anapozungumza, akarudi na cheti, na kwa kweli anatikisa vizuri. Ukimweleza shida yako unaondoka umefarijika, na shida yako unaikuta nyumbani inakusubiri.

*

Siku Dakta Leodegari alipokuja Kisiginoni, watu walifagia mpaka njia ya mbuzi. Magari manne, maturubai mawili, viti vyeupe mia mbili, na feni moja kubwa iliyoelekezwa meza kuu. Bi Zamoyoni Pazi alipika pilau ya masufuria matatu bila kuombwa.

Huyu Bi Zamoyoni lazima umjue. Ni mpishi wa shughuli; harusi na hitima za nusu ya jiji zimepita mikononi mwake, na huenda pilau ya harusi yako mwenyewe ilitoka kwake. Ni mjane. Nyumba yake ina vyumba viwili na bati jekundu, matofali walifyatua yeye na marehemu mumewe kwa miaka kumi na mmoja, kila kiangazi safu mbili tatu. Chumba cha nyuma analala mama yake mzazi, Bibi Mwanaidi, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka juzi. Kitanda chenyewe kiliundwa humo humo chumbani, kipana, hakipiti mlangoni. Nyumba ile na kitanda kile ndiyo habari yote ninayokupa. Mengine haya ni serikali tu.

Dakta alisimama, akazima feni kwa heshima ili asikike.

"Ndugu wadau," alisema, "enzi za mtaalamu kukaa ofisini akakuchorea maisha yako zimekufa na kuzikwa. Leo kalamu ni yenu. Mtaa huu utafufuliwa na nyinyi wenyewe."

Kutoka nyuma ikatoka sauti ya Lutufyo, fundi baiskeli, mtani wa kila mtu pale mtaani. "Mheshimiwa, samahani. Kwani tumekufa?"

"Swali zuri sana," alisema Dakta, akaliandika. "Tutafika huko."

Watu wakacheka. Walicheka kwa moyo mweupe kabisa, na mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga ya jirani.

Kisha ikatandikwa karatasi nyeupe katikati ya uwanja wa shule, kubwa kama sakafu ya ukumbi, ikabanwa kwa mawe pembe zote. Wakagawiwa chaki za rangi. Dakta akasema wachore mtaa wao, kila wanachokithamini, kisha akarudi nyuma hatua kumi kama masomo yake yanavyoelekeza, asije akawashawishi hata kwa kivuli.

Hapa kuna jambo ambalo serikali ingeweza kulijua kwa kuuliza tu. Mtu wa Kisiginoni haonyeshi nyumba yake. Mkute mlangoni kwake, ufunguo mkononi, umuulize anakaa wapi, atakwambia, "Tunajibanza hapa hapa kwa watu." Kusema "hii ni yangu" mbele ya mgeni ni majivuno, na majivuno kwao ni sawa na kutemea mate sufuria la wote. Na nyumba ya mwenzio nayo huionyeshi, maana kumwonyeshea mtu nyumba kidole ni kuihesabu, na anayehesabu cha mwenzake ana lake moyoni. Ndivyo walivyolelewa. Watu elfu nne wamekaa migongo imegusana vizazi vitatu, na hiyo ndiyo adabu iliyowazuia wasiumane.

Basi wakachora. Bi Zamoyoni alichora bomba la maji, koki zote mbili, hata ile isiyotoa. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Chuma, mstaafu wa reli, alichora shule na madirisha yake kumi na nane. Lutufyo akachora daraja. Wengine wakachora msikiti, kanisa, mashine ya kusaga, uwanja wa mpira na magoli yake, kibanda linakotunzwa jeneza la mtaa, na vichochoro vyote mpaka kile cha kupita mtu mmoja ubavu. Mama mmoja alichora wingu, lile linaloleta mvua kutoka upande wa machinjio.

Nyumba haikuchorwa hata moja. Na hakuna aliyeona pengo. Kila mmoja alipoitazama karatasi ile aliona tabia njema za wenzake.

Ilikuwa ramani nzuri, kusema haki. Wakaipigia makofi. Wakaweka dole gumba chini yake, watu mia tatu na kumi na wawili. Dakta Leodegari akasema katika utumishi wake hajaona wananchi wastaarabu kiasi hiki, akala pilau, akafungiwa nyingine.

*

Baada ya miezi miwili lilibandikwa tangazo kwenye ukuta wa shule. Nalinukuu lilivyo, maana nchi hii ukisimulia bila kunukuu unaambiwa una chuki.

"Kwa mujibu wa Ramani Shirikishi iliyochorwa na kuthibitishwa kwa dole gumba na wananchi wenyewe, eneo la Kisiginoni lina shule, bomba, msikiti, kanisa, mashine ya kusaga, uwanja, kibanda cha jeneza, vichochoro na wingu. Halina nyumba. Kwa kuwa halina nyumba, halina wakazi. Kwa kuwa halina wakazi, hakuna atakayehamishwa. Kazi ya kujenga Bustani ya Umoja itaanza. Wizara inawapongeza wakazi kwa ushirikiano wao."

Mzee Chuma alilisoma mara tatu. Akaenda kuvaa koti lake la reli, lile lenye vifungo vya shaba, akampitia Bi Zamoyoni, wakaenda Wizarani.

Idara ya Kusikiliza Kabla wakawaambia Kabla imepita. Idara ya Kusikiliza Wakati wakawaambia wakati bado. Mwishowe Dakta Leodegari mwenyewe akawakuta kwenye korido, akawaingiza ofisini kwake, akawaagizia chai. Walikuwepo pia wageni wawili wenye tai, waliokuja kujifunza ushirikishwaji.

Mzee Chuma alieleza kwa kirefu habari ya adabu, majivuno na kidole. Dakta akatikisa kichwa toka mwanzo mpaka mwisho.

"Mzee wangu, nisaidie kidogo," alisema. "Ramani hii alichora nani?"

"Sisi, Mheshimiwa."

"Kuna niliyemshika mkono?"

"Hapana."

"Zamani tulikuwa tunachora wenyewe, mkalia kwamba tunawadharau. Leo mmechora nyinyi, unanitaka mimi nifute kazi ya mikono ya wananchi niweke ya kwangu. Siwezi kuwadharau kiasi hicho. Nitalala vipi?"

Bi Zamoyoni akaweka kikombe chini. "Baba, haya madole gumba hapa chini ni ya nani?"

"Ya wadau, mama yangu."

"Na wadau wanalala wapi?"

Dakta akalifikiria swali lile kwa dhati. Hakuwa anamkejeli. "Wadau hawalali mahali, mama," alisema. "Wadau wanashirikishwa."

Ramani ingeweza kurekebishwa, akawafafanulia, na kikao cha wakazi. Mkazi ni nani? Ni mtu mwenye nyumba iliyoko kwenye ramani. Mzee Chuma akamwomba arudie. Akarudia, polepole, kwa upole ule ule. Kuhusu uenyekiti wake, alishukuriwa kwa kuongoza eneo lisilo na watu kwa miaka kumi na minne bila malalamiko, akaruhusiwa kubaki na muhuri mpaka wino utakapokwisha.

Ndipo Dakta akamgeukia Bi Zamoyoni, akamuuliza kwa nia njema kabisa: "Lakini wewe mama, tuseme kweli. Una nyumba pale?"

Swali hilo lilikuwa mlango uliofunguliwa nusu. Bi Zamoyoni alifungua mdomo. Akawatazama wale wageni wenye tai, ambao hajawahi kuwaona. Miaka hamsini na saba ya malezi ikamtangulia kusema. Akainamisha kichwa, akasema, "Tunajibanza tu pale, baba."

Katibu akaandika: anakiri kujibanza.

*

Mabati yalisimikwa siku ya Jumatatu, mchana kweupe. Vijana wa mkandarasi walifanya kazi kwa adabu, wakiomba radhi kila walipomkanyagia mtu mchicha wake. Hakuna aliyefukuzwa. Utawafukuzaje watu ambao hawapo? Walizungushiwa tu. Upande wa nje, ule unaouona wewe, ulichorwa picha za familia zinazocheka kwenye nyasi. Upande wa ndani ukabaki bati tupu, na jua la saa saba likilipiga, mtaa mzima unakuwa tanuri.

Kukabaki geti moja, na getini mlinzi aliyeitwa Kondo. Jumanne asubuhi Lutufyo alitoka na baiskeli ya mteja aliyeishi ng'ambo ya reli.

"Shikamoo mzee," Kondo akamwamkia.

"Marahaba."

"Naomba kadi yako ya kuingilia."

"Sikuingia, bwana mdogo."

"Basi kutoka ni vigumu, mzee. Anatoka aliyeingia."

"Mimi nilizaliwa humu."

"Saa ngapi?"

Lutufyo akaanza kuhesabu kwa vidole. Kondo akamweleza kwamba kadi zilianza kutolewa jana saa mbili, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo hawamo katika utaratibu. Alisema hivyo akiwa ameshika kofia mkononi. Akamsaidia hata kugeuza ile baiskeli.

Hivyo ndivyo watu elfu nne walivyokwama. Aliye ndani hatoki kwa kuwa hakuingia, na hawezi kuingia kwa kuwa hajatoka. Walimu waliendelea kuja, maana shule imo kwenye ramani. Waumini wa nje walikuja msikitini na kanisani. Wote walipewa kadi asubuhi, wakairudisha wakiondoka. Mchicha na dagaa vilipitishwa chini ya bati. Jino la mke wa Mzee Chuma lilipouma, daktari wa meno alipanda ngazi upande wa nje, mgonjwa akapanda ngazi upande wa ndani, likang'olewa juu ya mabati, na nusu ya mtaa ikiwa imeshikilia ngazi. Lutufyo akasema jino hilo ndicho kitu cha kwanza cha Kisiginoni kutoka bila kadi.

Usidhani ushirikishwaji ulikoma. Ndiyo kwanza ulikolea. Kila Jumatano walikuja maafisa wenye beji za sikio, na dodoso. Je, Bustani ya Umoja iwe na maua mekundu au ya njano? Je, kijia cha kukimbilia kiwe cha kokoto au cha lami? Afisa mmoja, binti mzuri tu, mwenye heshima, aliingia mpaka chumba cha nyuma cha Bi Zamoyoni akiwa na mchoro mkononi, akahesabu hatua toka dirishani, akasimama kando ya kitanda cha Bibi Mwanaidi. Mchoro ulionyesha kwamba hapo ndipo litakapokaa benchi namba saba. Akamuuliza bibi angependa benchi la mbao au la chuma.

Bibi Mwanaidi, ambaye toka azaliwe hajawahi kumnyima mtu jibu, alisema, "La mbao, mjukuu wangu. Chuma kina baridi."

Ikaandikwa: benchi namba saba, wananchi asilimia mia moja wanaunga mkono mbao.

Walipochoka wakagonga masufuria. Asubuhi nzima, mtaa mzima, masufuria, mifuniko na makopo, mpaka ndege wakahama. Wiki iliyofuata wakaletewa ngao: Mtaa Uliochangamka Kuliko Yote katika Kushiriki. Walipoacha kugonga, wakakaa kimya siku nne, Wizara ikatoa taarifa kwamba wananchi wameridhika. Kelele iliandikwa ni ushiriki, kimya kikaandikwa ni ridhaa. Mzee Chuma akauliza kama kuna kitu mtu anaweza kufanya kikaandikwa ni hapana. Afisa akaahidi kulipeleka swali hilo.

*

Asubuhi moja, baada ya kumnywesha mama yake uji, Bi Zamoyoni alichukua kipande cha mkaa jikoni, akaenda kusimama mbele ya bati lililo mkabala na mlango wake. Majirani walidhani anataka kuandika wito wa hitima. Akaanza kuchora.

Akachora ukuta. Akachora mlango. Akachora bati la juu, mistari yake yote. Akachora dirisha la chumba cha nyuma. Watu walipotambua anachokifanya wakainamisha macho, wengine wakawavuta watoto ndani, kama unavyofanya ukikuta mtu mzima anaoga njiani.

"Dada Zamo," Lutufyo akamwita kwa sauti ya chini, akijaribu kumwokoa na aibu kwa utani, "mbona unachora banda la kuku la kwetu?"

Bi Zamoyoni hakugeuka. "Siyo banda," alisema. "Ni nyumba. Ni yangu."

Akamalizia fremu ya dirisha.

"Ni yangu," akarudia, "na ni nzuri. Tumeijenga vizuri. Haivuji."

Sijui kama unaelewa neno hilo lilimgharimu nini. Wewe umezoea kutaja nyumba yako kabla hujaulizwa, na gari, na shule wanayosoma wanao. Yule mama alisimama mbele ya majirani zake akajivua nguo, maana kwao ndivyo ilivyokuwa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope. Na Mzee Chuma, mzee mzima, alifunika uso kwa kiganja. Kisha akainuka, akachukua mkaa, akaenda kwenye bati la kwake, akachora nyumba yake na ngazi mbili za mbele. Lutufyo akachora yake, akasahau hata kufanya mzaha. Kufikia alasiri Kisiginoni nzima ilikuwa kwenye mabati kwa mkaa, nyumba mia saba na zaidi, kila moja imechorwa na mwenyewe, huku wengine wakilia.

Picha zilipigwa, zikatumwa Wizarani kupitia kwa mwalimu mmoja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, hapo ndipo nilipojua serikali yetu inaweza kuwahi. Ramani iliyochorwa na watu wasio wakazi haipokelewi. Kuchora mabati ya serikali ni uharibifu. Kwa kuzingatia moyo wa ushirikishwaji hakuna atakayeshtakiwa, ila kazi itaharakishwa. Tingatinga litaingia Alhamisi saa nne asubuhi na kuanza na eneo la benchi namba saba.

Bi Zamoyoni akaingia chumba cha nyuma, akakitazama kitanda, akautazama mlango. Akatoka, akaanza kuosha masufuria.

*

Kilichotokea Jumatatu hii hakikupangwa na mtu. Mwanamke mmoja wa upande wa soko jipya, Bi Hidaya, alikuwa anamuoza binti yake, akaja kumtafuta mpishi. Hasomi matangazo. Alifika getini, akasema anataka kuingia.

Wanaokuja siku zote husema wanakwenda shule, msikitini au kanisani. Kondo akafungua kitabu cha wageni, kile cha serikali chenye kurasa zilizopigwa namba na muhuri, akauliza kama kawaida: unakwenda kwa nani? Bi Hidaya akamjibu kama mtu yeyote angejibu: "Nakwenda kwa Bi Zamoyoni Pazi, mpishi, nyumba yenye bati jekundu."

Kondo akaandika. Neno kwa neno, kwa wino. Alipomaliza akalitazama alilolitenda, kalamu ikamwanguka.

Kufikia saa tisa Dakta Leodegari alikuwa getini na wanasheria watatu. Wakakizunguka kile kitabu kama madaktari waliozunguka mgonjwa. Ukurasa hauchaniki, una namba. Neno halifutiki, ni kumbukumbu ya serikali. Na kumbukumbu ya serikali inasema kuna nyumba, ina bati, ina rangi, na ina mtu anayetembelewa. Wanasheria wakafunua Sheria ya Kumbukumbu, na inasema hivi: jambo likiandikwa mara moja ni kosa la kalamu, likiandikwa mara kadhaa ni kosa la mlinzi, likiandikwa na watu thelathini tofauti ni takwimu. Na takwimu ya serikali haivunjwi na tingatinga mpaka Bunge likae.

Dakta akatikisa kichwa, safari hii upande upande, jambo ambalo halimo kwenye cheti chake. Akamwambia Kondo kuanzia sasa aandike tu "eneo la mradi". Kondo akasema, "Sawa, mkubwa." Lakini ameanza kuwauliza wageni kwa sauti kubwa, na anayejibu kwa sauti kubwa humwandika alivyosema. Asiyesema kitu, au anayenong'ona, humwandikia eneo la mradi. Kondo naye ana wanawe, hatataka kuwa jasiri peke yake.

Walio ndani hawawezi kusaini. Kitabu ni cha wanaoingia. Watu elfu nne wamesimama nyuma ya bati wanasikiliza kila hatua inayokaribia geti, na hawana cha kufanya. Ni wewe tu, uliye huku nje, mwenye miguu na jina.

Sasa hivi ninapoandika ni Jumatano saa sita mchana. Kitabu kina majina kumi na saba. Bi Hidaya amerudi na dada zake. Walimu watano wameandika, wengine wameogopa. Yanahitajika kumi na matatu kabla ya kesho saa nne, na Bibi Mwanaidi amelala kitandani mwake akiulizia kwa nini leo kuna watu wengi hivi.

Kwa hiyo acha kusoma. Vaa viatu. Geti liko kona ya machinjio, linafungwa saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa saa moja asubuhi. Ukifika utaulizwa unakwenda kwa nani. Paza sauti: nakwenda kwa Bi Zamoyoni Pazi, nyumba yenye bati jekundu. Usikubali aandike jingine. Simama mpaka uone kwa macho yako limeandikwa, weka sahihi, ingia, mwamkie yule bibi. Utapewa kadi, utatoka salama. Wewe unatoka, wao hawatoki. Na usiseme watakwenda wengine, maana wale wengine nao wanasoma maneno haya haya, na wao wamekaa wanakusubiri wewe. Inuka.